Kiini cha Mkulo

Kwenye kabati la sampuli, rafu ya chini upande wa dirishani, kuna kisanduku cha bati chenye lebo ya mwandiko wangu: "Mkulo, boriti ya kanisa, kiini." Ndani hamna kitu. Siku ya kukabidhi ofisi mlihesabu kila kitu mpaka vizibo vya chupa, mkafika kwenye kisanduku hicho, mkakifungua, mkanitazama. Hamisi, aliyeshika fomu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu yake ileile, "Mama, hapa tuandike nini?" Nikamwambia acheni wazi, nitaeleza. Sasa nimestaafu, miguu iko juu ya kigoda, chai ya tangawizi iko mkononi, na sina kisingizio. Ila mtanivumilia, maana habari ya kisanduku hicho haianzii kabatini.

Mambo ya vyeo nayaruka. Anayetaka kujua nilipandishwa daraja lini akasome faili langu, kama panya wamebakisha kitu.

Nilifika Same, kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbao, nikiwa binti wa milimani, kutoka kijiji kilicho juu kidogo ya Vudee, kule ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Nilikuwa nimevaa sweta la sufu. Mama yangu, mjane aliyenilea peke yake, alinisimamia nilivae, na mama yangu si mtu wa kubishana naye asubuhi. Ilipofika saa nne nilikuwa nimelivua na ninalitumia kufutia jasho. Nilidhani kazi ya maabara ni koti jeupe na meza safi. Badala yake nikapelekwa nyuma ya majengo, kwenye uwanja wa vumbi uliojaa vigingi vya mbao vilivyochomekwa ardhini safu kwa safu, kila kimoja na kibati chake cha namba. Wenyewe waliuita makaburini.

Aliyenipokea huko alikuwa Bwana Gervas, msimamizi wa uwanja. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini, huko tambarare. Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia yake ilikuwa na umri kunizidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kamata jembe."

Kazi yenyewe mnaijua, lakini nawaandikia pia watakaokuja baada yenu. Unachomeka ardhini vigingi vya miti mbalimbali, unaviacha, na kila mwaka unaving'oa kimoja kimoja kuona kimeoza kiasi gani. Unakipangusa, unakigusa, unakichoma kwa ncha ya kisu, kisha unakipa alama. Kisu kikigoma, kigingi kinarudi ardhini. Kisu kikizama kama kwenye ugali, unaandika sifuri na kukiaga. Kwenye uwanja wa Same mchwa walikuwa wanatuwahi. Uwanja wetu wa juu, kando ya msitu, ndio ulikuwa wa kuvu hasa, kwa sababu ya unyevu.

Bwana Gervas alinikataza kutazama kabla ya kunusa. Alikuwa anafumba macho, anaweka kigingi puani, anatamka jina la mti. Mkulo ulikuwa rahisi kwangu, kwa sababu ndio mti wa kwetu na una harufu ya kafuri. Alinifundisha pia aina mbili za uozo. "Huu mweupe," alisema, akinipa kipande kilichopauka, kimelainika na kuchambuka nyuzinyuzi. "Na huu wa kahawia." Hiki cha pili kilikuwa kimepasuka vipande vya mraba kama kilichoungua, na nilipokifikicha kikawa unga mfano wa ugoro. Nikamuuliza kwa nini kuvu mmoja anaacha nyuzi na mwingine anaacha unga.

"Mimi wa nje, binti. Waulize walio ndani."

Walio ndani wakati huo hawakuwa na jibu kamili, ila walinifundisha mti wenyewe ulivyo. Fikirieni nyumba ya udongo. Fito zinazoipa nguvu ni selulosi, na udongo uliokandikwa kuzishika zile fito ni lignini. Selulosi imetengenezwa kwa sukari iliyoungwa minyororo mirefu, kwa hiyo ni chakula. Lignini ni ngumu, imesukwa ovyo, na ni wachache duniani wanaoiweza. Kuvu wa uozo mweupe anakula udongo na fito. Kuvu wa uozo wa kahawia anachomoa fito na kuacha udongo umesimama, umejaa nyufa. Shikeni hilo, maana tutalihitaji.

Baadaye nikaingizwa ndani kuwalea kuvu kwenye sahani za kioo. Hapa naungama kosa ambalo mmelisikia nusunusu kwenye chai. Tulikuwa na kuvu wa uozo mweupe aliyetakiwa kupewa chakula kidogo sana: sukari kiduchu na nitrojeni ya kuhesabu matone. Kwenye sahani tuliweka rangi ya buluu. Akianza kutoa vimeng'enya vya kuvunja lignini, rangi inafifia, nasi tunajua yuko kazini. Mimi nilipomwona amekonda, utando wake unaonyesha chini, nikamhurumia. Milimani kwetu mgeni aliyekonda hupewa makande. Sikumpa mahindi, jamani, lakini supu ya maharage niliichuja, nikaichemsha kwenye sufuria ya presha ili iwe safi, na nikawa namwongezea matone.

Akanenepa! Utando ukawa mnene kama blanketi. Nilijisifu kimoyomoyo wiki nzima. Ila rangi ya buluu ilibaki vilevile, sahani zote, mpaka mkuu wa maabara akaanza kuwashuku waliotuletea kemikali. Nikakosa usingizi, nikaenda kumweleza. Alinitazama, akavua miwani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Umemshibisha," akasema. "Maharage yamejaa nitrojeni. Jeni za kuvunja lignini kwa huyu zinawashwa na njaa. Akishiba anazizima. Ungekuwa wewe, ungepasua kuni na chakula kiko mezani?"

Kazi ya mwezi ilimwagwa. Bwana Gervas, ambaye hakuwahi kupenda makande, alipopata habari aliniambia sasa wamefikia wawili wasioweza kufanya kazi baada ya kuyala. Mimi nilijifunza kwamba kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kuwaka ni jambo jingine. Tangu hapo sijawahi kuongeza kitu kwenye sahani bila kuandika, na nyinyi pia msiongeze.

Miaka ikaenda. Nilitumwa Hedaru wafanyabiashara walipolalamika kwamba nguzo za vibanda vyao zinakatika zote usawa mmoja, na minong'ono ya uchawi imeshaanza. Nikawaonyesha kwamba zinakatika pale zinapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo maji na hewa vinakutana, na kuvu anavitaka vyote viwili. Mzee mmoja aliniuliza kama nina hakika si jirani yake. Nikamwambia nina hakika. Akaonekana kusikitika kidogo.

Bwana Gervas alistaafu, akaenda Kigoma alikotoka baba yake, ambako yeye mwenyewe hakuwahi kuishi. Aliniachia kisu chake. Kipo kwenye droo ya pili ya meza yangu na ni chenu sasa, msikifungulie soda.

Kisha akaja Daktari Rehema, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa cheo, na mashine yake ya vinasaba iliyotoshea kwenye boksi la televisheni. Huyu ndiye aliyenijibu swali nililomuuliza Bwana Gervas makaburini. Alinikalisha na karatasi.

"Dada, wa uozo mweupe ana jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja lignini, tena ana nyingi. Huyu wa kahawia, mababu zake walikuwa nazo. Vizazi vimepita, amezipoteza karibu zote."

"Amezipoteza? Sasa anaishije?"

"Amepata njia ya mkato."

Njia yenyewe ni hii. Kuvu wa kahawia anatoa vitu vidogo sana vinavyopenya kwenye mti, vinakutana na chuma kidogo kilichomo humo na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Vikikutana vinazaa kitu kikali kisichochagua, kinachopita kwenye lignini na kukatakata minyororo ya selulosi. Ni kikali kiasi kwamba kingeharibu hata vimeng'enya vya kuvu mwenyewe. Kwa hiyo jeni zake zinapokezana zamu. Kwenye ncha za mbele, zile zinazoingia kwenye mti mzima, zinawaka jeni za kubomoa. Nyuma kidogo, mambo yakishatulia, ndipo zinawaka jeni za vimeng'enya vya kuikata selulosi iliyolegea iwe sukari. Daktari Rehema alikuwa anakata mti vipande vyembamba kuanzia mbele ya kuvu hadi nyuma, halafu anasoma jeni zipi zimewaka wapi. Mimi nikaona msaragambo wa kwetu, siku ile kijiji kizima kinapotoka kufanya kazi ya pamoja: wanatangulia wa mapanga, wanafuata wa kubeba. Udongo wa nyumba, yaani lignini, unabadilika rangi na kupasuka, lakini unabaki.

Sasa nafika kwenye boriti.

Miaka michache kabla sijastaafu, boriti moja ya kanisa letu kule kijijini ilikatika. Ilikuwa siku ya kazi, hakuna aliyeumia, ila ilining'inia juu ya madhabahu. Kanisa hilo liliezekwa nikiwa mtoto mdogo, na fundi alikuwa Kanaeli, kijana wakati huo. Kila familia ilitoa boriti moja ya mkulo kutoka shambani kwake, zikaburutwa kwa msaragambo, na kila familia ikachoma alama yake ya mifugo kwa chuma cha moto kwenye ncha ya boriti yake. Mungu angejua nani katoa nini hata bila alama, lakini wazee wetu waliona si vibaya kumsaidia. Ncha hizo zikafichwa ukutani, na hakuna aliyeziona tena.

Kipande kilichoanguka kilikuwa cha kahawia, kimepasuka miraba, kinafikichika. Wazee wa kanisa wakakigusa wakatikisa vichwa. Kwetu kila mtu anajua kwamba mkulo hauozi. Kwa hiyo kilichooza si mkulo. Kwa hiyo Kanaeli aliuza boriti ya sadaka na kuweka saipresi. Hesabu ikawa imekamilika. Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na hii ilikuwa kesi nono, yenye mti, kanisa na mtuhumiwa aliye hai.

Wakamwita. Kanaeli, mzee wa zaidi ya miaka themanini, kifua kinamsumbua, akasema neno moja tu: "Nilitumia nilicholetewa." Wakamtaka atubu. Akasema hawezi kutubu asichofanya. Basi wakamtenga: asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakapokiri. Na kwetu aliyetengwa akifa, mchungaji haji kaburini na kengele haipigwi. Mzee alikuwa mgonjwa na kila mtu aliliona hilo linakuja.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Tangu nianze kazi hakuwa amewahi kuelewa ninafanya nini, na hakuficha.

"Namsifu, wewe si daktari wa miti iliyooza?"

"Si daktari, mama. Fundi sanifu."

"Hayo ya vyeo baadaye. Kanaeli hawezi kuzikwa kimyakimya kama mwizi. Njoo uutazame mti ule useme ni mti gani."

Nilipanda. Nikasalimia wazee, nikaomba ruhusa, nikapewa kwa shingo upande. Mwenyekiti wao, Mzee Eliakimu, alinitembeza mwenyewe. Nikagundua kwamba chini ya paa, pale boriti zinapoingia ukutani, hapakuwa na matundu ya hewa.

"Yalikuwepo," akasema kwa fahari. "Popo walikuwa wanaingia, na ukungu. Niliitisha msaragambo tukayaziba yote kwa saruji. Tazama kazi ilivyo safi."

Nikasema ni safi kweli. Ukutani palikuwa na doa la maji lenye umbo la bara zima. Nikaomba patasi na nyundo, nikachomoa kisiki cha boriti kilichobaki ukutani, nikakifunga kwenye kanga ya mama, nikateremka nacho Same.

Hapa ndipo ule udongo wa nyumba ulipoleta faida. Nilikata vipande vyembamba kwa wembe, taratibu, vingi vikasagika, vichache vikashika. Nikaviweka chini ya hadubini. Selulosi ilikuwa imeliwa, lakini lignini ilikuwa pale, na umbo la mti lilikuwa pale: mirija mipana ya kupandisha maji, na seli za mafuta pembeni yake. Saipresi haina mirija ya namna hiyo hata kidogo. Huu ulikuwa mkulo. Daktari Rehema akachukua vumbi kidogo, akasoma vinasaba vya kuvu, akanithibitishia kwamba ni wa uozo wa kahawia. Angekuwa wa uozo mweupe angekula ushahidi pamoja na mti. Kuvu huyu, kwa sababu tu mababu zake walipoteza jeni zile, alimwachia Kanaeli shahidi. Nilifurahi, nikazunguka meza peke yangu kama mwehu.

Kisha nikapasua kisiki katikati ili nijue kwa nini mkulo umeoza. Ndani kulikuwa na kiini kizima, cheusi kidogo, unene wa kidole gumba, kigumu mpaka kisu cha Bwana Gervas kikagoma. Nilipokikwangua, harufu ya kafuri ikajaa chumbani. Kumbe mti ulikuwa mchanga mno. Mkulo hauozi kwa sababu ya mafuta ya kiini chake, na huu kiini chake kilikuwa bado chembamba. Kilichobaki chote kilikuwa mti mweupe wa nje, ambao hauna kinga. Ungekaa mkavu maisha yake yote kama matundu yasingezibwa.

Nikageuza ncha kuipangusa. Alama ilikuwa bado inasomeka, kwa sababu kuvu hapendi mkaa: duara na mikato mitatu chini yake. Niliijua. Ilikuwa kwenye masikio ya mbuzi wetu, na kwenye mpini wa jembe la baba.

Baba alifariki mwaka uleule kanisa lilipoezekwa.

Niliweka kisiki kwenye droo na kwa wiki nzima sikumwambia mtu. Nilijua naweza kuandika "ni mkulo" nikanyamaza, na lingekuwa kweli. Nilijua pia swali litakalofuata. Sikuona aibu namna ile tangu supu ya maharage, na ile ilikuwa aibu yangu mwenyewe. Hii ilikuwa ya mama.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Kanaeli. Nilimkuta amekaa nje, blanketi mabegani, anakwangua mpini kwa kipande cha chupa kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Namsifu. Umeiona alama."

Hakuuliza. Nikakaa. Akaniambia kwamba siku boriti zilipoletwa aliijua ile mara tu alipoishika, kwa wepesi wake. Mama aliileta mwenyewe na shemeji zake wawili, bado amefunga kitambaa cha msiba. Kwetu sadaka hairudishwi. Kuirudisha ni kumwambia mtu mbele ya watu kwamba amempunja Mungu. Akasema asante, akaiweka upande wenye mzigo mwepesi, akaiachia matundu mapana ya hewa.

"Basi sema ni mkulo, uishie hapo," akasema. "Mama yako asijue."

"Wakiuliza kwa nini uliooza ni huo tu?"

"Nitajibu mimi."

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, humohumo kanisani, na watu hawakutoka. Mama alikaa benchi la akina mama. Nikaeleza kuhusu fito na udongo, mirija na seli za mafuta, na nikaona macho yanasinzia. Kwa hiyo nikafanya kama Bwana Gervas: nikakwangua kiini, nikampa Mzee Eliakimu, nikamwambia anuse. Alinusa. Alinusa tena. Mzee aliyekulia chini ya miti hiyo hahitaji hadubini. Nilitaka wanuse kiini tu, lakini kiini na ncha vilikuwa kipande kimoja, nacho kikaanza kupita mkono kwa mkono, na mimi nikakifuata kwa macho bila kujua nikizuie vipi.

"Ni mkulo," akasema Mzee Eliakimu. "Lakini mbona uliooza ni huu, na mingine mizima?"

Nikageuka kulitazama benchi la akina mama. Mzee Kanaeli akasimama kwa fimbo yake.

"Nilikosea kuchagua. Mti ulikuwa mchanga. Kosa ni la fundi."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Kwa hilo, nakiri."

Nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Wangeandika kwamba amekiri, na kijiji kingeongezea kilichobaki. Nilitaka kupiga kelele. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma.

"Subirini."

Kipande kilikuwa mkononi mwake. Hakuwa anakinusa. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita kwenye duara, kisha kwenye mikato mitatu, moja, mbili, tatu.

"Hii ni alama ya mbuzi wetu," akasema. "Huu ni mti wangu." Akaja mbele polepole, watu wanampisha, mpaka akasimama mbele ya mzee. "Kanaeli, ulijua?"

"Nilijua, Mama Namsifu."

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

"Sasa kwa nini hukunirudishia?"

Mzee alimtazama kama anayeulizwa kitu kilicho wazi.

"Ulikuwa na mti mmoja. Ningekurudishia, ungekwenda kukata upi?"

Mama alilia. Wanasema kwenye msiba wa baba hakulia mbele ya watu, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Siku ile alilia kwa sauti, amemshika mzee mkono, na mimi fundi sanifu wa miaka yote hiyo nilikuwa nalia na wembe mfukoni. Mzee Eliakimu akasimama, kofia yake mikononi.

"Matundu niliziba mimi," akasema. "Kama kuna wa kutubu, tuanze na mimi."

Jumapili iliyofuata Mzee Kanaeli alikwenda kwenye Meza ya Bwana, na mama alimshika kiwiko njia nzima. Matundu yalizibuliwa. Popo wamerudi, na wamewekewa wavu. Boriti mpya ilitoka kwa familia nyingine, na fundi kijana aliyeipokea alikuja kuniuliza pembeni afanye nini, maana ina weupe mwingi. Nikamwambia amwambie mwenye mti ukweli, lakini amfuate nyumbani, wakiwa wawili, na aende naye shambani kumsaidia kuchagua mwingine.

Kiini nilikirudisha kituoni nikakiwekea kisanduku na lebo. Kila nilipopanda kijijini nilikwenda nacho, kwa sababu mzee alipenda kukinusa. Alisema kinamfungua kifua. Kitabibu sina ushahidi.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Mama akanipigia.

"Kile kipande kiko wapi?"

"Kiko kabatini, mama. Ni mali ya kituo."

"Kituo ndicho kilichopanda ule mti?"

Nikakichukua, nikapanda nacho. Kabla jeneza halijafungwa mama alikiweka chini ya kiganja cha mzee, akavikunja vidole vyake juu yake, akasema, "Hiki hakikuoza, Kanaeli." Mchungaji alikuja mpaka kaburini. Kengele ilipigwa, na kwa ukungu uliokuwepo hatukuiona, tuliisikia tu, muda mrefu.

Kwa hiyo, Hamisi, ile nafasi uliyoiacha wazi kwenye fomu ijaze sasa. Usiandike kwamba kimepotea, wala kwamba kimeharibika. Andika kimekwenda na fundi.